Magitaa Mawili ya Jazi

Kabla ya vikuza sauti vya umeme kuenea, sauti ya gitaa ilimezwa na tarumbeta katika bendi za jazi. Mafundi walilikabili tatizo hilo kwa njia mbili.

Nchini Marekani, kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la L-5 mwaka 1922. Uso wake ulichongwa kutoka ubao mnene hata ukabinuka kama uso wa fidla, ukatobolewa matundu mawili yenye umbo la herufi f.

Nchini Ufaransa, mwaka 1932, kampuni ya Selmer ilianza kuunda gitaa lililobuniwa na Mario Maccaferri, ambalo Django Reinhardt alilipatia sifa. Uso wake ni ubao mwembamba uliopindwa kidogo tu.

Katika yote mawili, nyuzi hulikandamiza daraja, nalo huutikisa ubao. Ubao mwepesi huitikia upesi, na sauti yake ni kali, ifaayo kupiga muziki peke yake. Ubao mzito zaidi huhitaji nguvu zaidi, lakini hutoa mapigo mafupi yafaayo kushika mwendo wa bendi.

Kwa hiyo, sauti ya chombo haitegemei ukubwa wake pekee, bali pia uzito na umbo la ubao utikisikao.