Mfumo Endeshi wa Majaribio na Simu Inayolinda Afya

Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza leo kuvaa kihisi kidogo juu ya ngozi, kikampima sukari mchana na usiku. Kihisi cha Dexcom G6, kwa mfano, hupeleka kipimo kwenye simu kila baada ya dakika 5 kwa mawimbi ya Bluetooth. Sukari ikishuka kupita kiwango kilichopangwa, simu hulia na kumwamsha mwenyewe au ndugu aliye karibu naye. Katika zahanati na vituo vya afya nako, muuguzi huandika taarifa za mgonjwa katika kishikwambi badala ya daftari. Vyombo hivi vimekwisha kuingia katika orodha ya vifaa vya tiba, ingawa vilinunuliwa dukani kama simu za kawaida. Kwa sababu hiyo, jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, yaani kujaribu mfumo endeshi ambao haujakamilika, linamhusu pia mgonjwa na anayemhudumia.

Toleo la majaribio ni nini?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kazi zote za simu: betri, sauti, kioo, mawasiliano, na programu nyingine zote. Kampuni ya Apple kwa kawaida huonyesha mfumo mpya wa iPhone mwezi Juni, ikawapa kwanza watengenezaji wa programu, kisha watu wa kawaida wanaopenda kuujaribu, na kuutoa rasmi mwezi Septemba. Google nayo hutoa matoleo ya majaribio ya Android miezi kadhaa kabla ya toleo kamili. Lengo la kipindi hicho ni kuzitafuta kasoro. Anayeweka toleo la majaribio katika simu yake amekubali, hata kama hakusoma masharti, kuwa mmoja wa watafutaji wa kasoro hizo.

Kwa nini programu hukosana na mfumo mpya?

Tunaweza kuufananisha mfumo endeshi na mwenye nyumba, na programu na wapangaji. Mwenye nyumba akibadili kufuli, mpangaji ambaye hakupewa ufunguo mpya hubaki nje, ingawa hana kosa. Mabadiliko ya namna hiyo ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni ruhusa. Kuanzia iOS 13, iliyotoka mwaka 2019, programu hulazimika kumwomba mwenye simu ruhusa ya kutumia Bluetooth. Kuanzia Android 13, ya mwaka 2022, programu inayosakinishwa upya huomba ruhusa kabla ya kutoa arifa. Mtu akigusa neno la kukataa kwa haraka, simu haitapokea vipimo, au itavipokea bila kulia.

Aina ya pili ni uhifadhi wa betri. Android 8, ya mwaka 2017, iliwekea mipaka kazi ambazo programu hufanya ikiwa haionekani kwenye kioo. Kwa mchezo wa kuburudisha, mpaka huo ni faida. Kwa programu inayopaswa kukesha ikisubiri kipimo cha sukari, mpaka huohuo unaweza kuilaza usingizi.

Aina ya tatu ni kuondolewa kwa sehemu za zamani. iOS 11, iliyotoka Septemba 2017, iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Programu ambayo haikuwa imeandikwa upya haikufunguka tena.

Katika kipindi cha majaribio, matatizo haya huwa makubwa zaidi kwa sababu mambo bado yanabadilika wiki hadi wiki, na mtengenezaji wa programu ya tiba hajamaliza kuipima kazi yake juu ya mfumo huo.

Hatari iliyomo katika ukimya

Programu inayogoma kufunguka humshtua mwenyewe, naye hutafuta msaada. Hatari kubwa zaidi ni programu inayofunguka vizuri, inaonyesha namba, lakini hailii inapotakiwa kulia. Mgonjwa hulala akiamini kuwa kimya cha simu ni dalili ya usalama.

Mwaka 2023, iOS 17 ilipokaribia kutolewa, kampuni ya Abbott iliwatahadharisha watumiaji wa FreeStyle Libre kwamba baadhi ya mitindo mipya ya mfumo huo ingeweza kuathiri kengele za sukari, ikawashauri wazime usasishaji wa kujiendesha. Februari 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya kisukari vinavyotegemea simu. Ilieleza kwamba imepokea taarifa za kengele ambazo hazikulia au hazikusikika, baadhi yake baada ya mfumo endeshi kusasishwa, na kwamba hali hiyo huenda ilichangia madhara makubwa, kikiwemo kifo. Ikiwa mifumo iliyokwisha kutolewa rasmi inahitaji tahadhari kama hiyo, toleo la majaribio linahitaji zaidi.

Kurudi nyuma kuna gharama

Wengi hudhani kuwa wakiona tatizo watarejea katika mfumo wa zamani mara moja. Kwa kawaida kurejea huko hufuta kila kilichomo katika simu. Tena, nakala rudufu ya iPhone iliyotengenezwa katika toleo la majaribio huenda isikubalike katika toleo la zamani. Kwa mhudumu wa afya, hasara yaweza kuwa kubwa. Programu ya simu ya DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huweza kuhifadhi kumbukumbu ndani ya kifaa pale intaneti inapokosekana. Kifaa kikifutwa kabla ya kumbukumbu hizo kutumwa, mahudhurio ya mama wajawazito au chanjo za watoto hupotea pamoja nacho.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mgonjwa: usiweke mfumo wa majaribio katika simu inayopokea vipimo vyako. Zima usasishaji wa kujiendesha, na hata toleo rasmi linapotoka, angalia kwanza orodha ya mtengenezaji wa kifaa chako inayoonyesha mifumo inayokubalika. Baada ya kusasisha, hakikisha arifa, sauti na Bluetooth vimeruhusiwa, na kwamba kengele inasikika.

Ikiwa umekwisha kuweka toleo la majaribio, tumia kisomaji maalumu cha kihisi chako kama unacho, au pima kwa tone la damu, na uwasiliane na mtengenezaji kabla ya kufuta chochote. Ukitetemeka, ukitoka jasho jingi, ukihisi njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, amini mwili wako kuliko kioo cha simu: pima kwa tone la damu. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, au ukishindwa kupima, kunywa vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali haraka.

Kwa mhudumu wa afya: muulize mgonjwa ni simu gani anatumia na kama ameibadili au kuisasisha karibuni, kama unavyomuuliza kuhusu dawa. Katika kituo, majaribio yafanyike kwenye kifaa kimoja cha ziada kisicho na taarifa za wagonjwa, na vifaa vingine visubiri. Kabla ya kusasisha chochote, tuma kumbukumbu zote na uthibitishe kuwa zimefika.

Majaribio ni kazi ya heri, kwa kuwa kasoro inayogunduliwa Julai haitamfikia mgonjwa Septemba. Anayependa kuyafanya ayafanye kwa simu ambayo hakuna uhai unaoitegemea.