Kijidudu cha Kuhara Damu na Silaha Zake

Wengi katika Goma wanakumbuka mwaka 1994. Mwezi wa Julai wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kutoka Rwanda. Mawe ya volkano yaliwazuia kuchimba vyoo, na wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyachemsha. Kwanza kilikuja kipindupindu, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, walio wengi kwa magonjwa ya kuhara.

Kuhara damu kule kuliletwa na kijidudu kiitwacho shigela. Jina hilo latokana na Kiyoshi Shiga, mganga Mjapani, aliyekivumbua mwaka 1897. Jicho haliwezi kukiona. Je, kitu kidogo namna hii chawezaje kumwangusha mtu mzima?

Kinazo silaha, nazo ni protini. Kijidudu huzitengeneza mapema, kabla ya kugusa utumbo. Lakini zikikutana mle ndani yake, hushikamana na kuharibika. Kwa hiyo kila moja hushikwa na protini nyingine iliyo msaidizi wake. Ni kama visu viwili, kila kimoja katika ala yake, visikwaruzane njiani.

Kijidudu kinapogusa ukuta wa utumbo mpana, msaidizi huiachilia silaha, naye hubaki ndani, kama ala ibakivyo kiunoni. Silaha hupita katika bomba jembamba mno, mfano wa sindano ya hospitali, zikafungua mlango wa chembe za utumbo. Kijidudu huingia, huzaana, na kuhamia chembe ya jirani. Utumbo hupata vidonda. Ndipo mgonjwa aonapo homa, tumbo kukata, makamasi na damu chooni.

Basi tufanye nini? Vijidudu 10 mpaka 100 vyatosha kumwuguza mtu. Hutoka chooni kwa mikono, nzi, chakula na maji.

1. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni, kabla ya kupika na kabla ya kula.
2. Chemsha maji ya kunywa. Funika chakula.
3. Mtu akihara damu, mnyweshe maji ya dawa ya chumvi na sukari, umlete hospitali siku ile ile. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.
4. Usijinunulie vidonge sokoni. Mwaka 1994 kijidudu hiki kilishinda dawa nyingi za kawaida.

Ndugu, silaha za shigela hungoja utumbo. Tukizuie mkononi, kisifike huko. Anawaye mikono ampenda jirani yake kwa tendo.