Barua kutoka Gondokoro: bibi tajiri, sukari na pembe za ndovu

JUBA — Mfanyabiashara anayeshusha unga au saruji iliyopitia Nimule hana sababu ya kulijua jina la Alexine Tinne. Lakini ng'ambo ya mto, kaskazini kidogo ya mji, ndipo ilipokuwa Gondokoro, na hapo Mholanzi huyo alifika Septemba 30, 1862, kwa meli ya moshi iliyokodiwa Khartoum. Alikuwa na mama yake Harriet, dada wa mama yake Adriana, wajakazi na mbwa.

Barua walizoandika safarini zilipelekwa Ulaya. John Tinne, kaka wa Alexine kwa baba, mfanyabiashara wa Liverpool, alizitumia kuchapisha taarifa za safari hizo mwaka 1864. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London wakati huo haikuwapokea wanawake kuwa wanachama. Ilikubali moja kwa moja mwaka 1913.

Barua hizo zisomwe kama ankara: nani alilipa? Alexine, aliyezaliwa The Hague mwaka 1835, alirithi mali ya baba yake akiwa bado mtoto. Baba alitajirika kwa biashara ya sukari ya Demerara, Guyana ya leo, iliyolimwa na watumwa. Binti huyohuyo, alipowakuta watumwa kando ya Nile, aliwanunua baadhi yao ili awaache huru. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Fedha nazo zilikuwa na historia yake.

Gondokoro yenyewe ilikuwa mwisho wa njia ya meli, kwani kusini yake kuna maporomoko. Misheni ya Wakatoliki ilikuwa imefungwa, wakabaki wanunuzi wa pembe na askari wao. Biashara yao haikuhitaji mtaji mkubwa: kijiji kinavamiwa, ng'ombe na watu wanachukuliwa, kisha ng'ombe wanabadilishwa kwa pembe. Watu waliuzwa kaskazini.

Alexine aliugua hapo, msafara ukarudi Khartoum. Mwaka 1863 akaenda tena, safari hii Bahr el Ghazal, pamoja na wataalamu wawili wa Kijerumani, Heuglin na Steudner. Mvua iliwakwamisha katika kambi ya Biselli, mfanyabiashara wa pembe, aliyewatoza bei ya kukomoa kwa nafaka na malazi. Nani angebishana naye? Hapakuwa na muuzaji mwingine. Anayejua kukwama mpakani wiki nzima atauelewa ukurasa huo kuliko profesa yeyote.

Steudner alifariki Aprili, Harriet Julai, na wajakazi wawili wa Kiholanzi wakafuata. Adriana, aliyebaki Khartoum, alifariki 1864. Mimea waliyokusanya ilichapishwa Vienna mwaka 1867, ikibeba jina la Tinne.

Alexine hakurudi kuishi Uholanzi. Aliuawa Agosti 1, 1869, katika Sahara, kati ya Murzuq na Ghat, akiwa na miaka 33.