Fahamu: Kwa nini ugoko humuuma kijana wa JKT

Kijana wa Mbamba Bay aliyezoea kutembea pekupeku mchangani, au wa Mbinga aliyekulia akilima kwa mashimo ya ngoro kwenye milima ya Umatengo, akifika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Mlale huvaa buti na kuanza mchakamchaka alfajiri. Wiki chache baadaye ugoko unawaka moto. Mfupa hujijenga taratibu; mbio zikiongezwa haraka, nyufa ndogo hutangulia. Bonyeza kwa kidole: panapouma mahali pamoja tu, tena hadi usiku, huenda pamepata ufa. Maumivu yanayokuja ukikimbia, mguu ukafa ganzi, kisha yakatulia ukipumzika, huenda ni msuli uliobanwa ndani ya utando wake. Vidonge vya maumivu huficha tu tatizo. Mdogo wangu, mwone tabibu wa kambi mapema, kabla mfupa haujavunjika.