Chumvi, Chokaa na Mfumo Radidia: Istilahi za Kemia katika Mazingira ya Tanga

Katika istilahi za kemia zilizomo katika Kiswahili, mfumo radidia ni miongoni mwa zile zilizobuniwa kwa uangalifu mkubwa. Kitenzi radidi, chenye asili ya Kiarabu, maana yake ni kurudiarudia jambo. Kwa hiyo jedwali linaloning'inia katika maabara za shule zetu, lenye elementi 118 zilizopangwa kwa safu, limepewa jina linaloeleza kazi yake: ni jedwali la tabia zinazorejea. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulipokea kwa Kiingereza, akaimba majina 20 ya mwanzo kama anayeimba sala asiyoijua maana. Nakusudia kuonyesha kwamba istilahi hii, tukiifuata hadi mwisho wake, hutufikisha kwenye muundo wa atomu wenyewe. Na kwamba vitu vya kuifuatia vimejaa pwani ya Tanga.

Tuanze na mashamba ya chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvichumvi. Maji hayo yakianikwa juani, kwanza hutengana misombo ya kalisi, ikiwamo jasi. Kisha hufuata chumvi ya kula. Na mwishoni hubaki maji machungu yenye magnesi nyingi, ambayo mvunaji huyamwaga. Chumvi ya kula ni muungano wa sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake ni metali laini inayokatika kwa kisu na inayolipuka ikiguswa na maji. Katika maji hayohayo ya bahari imo pia potasiamu, kwa kiasi kidogo: nayo ni metali laini, nayo hulipuka majini, tena kwa nguvu zaidi. Hiyo ni radidi ya kwanza.

Radidi ya pili iko kwenye chokaa. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mapango ya Amboni, upande wa kaskazini, yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa. Mchoma chokaa hupanga matumbawe kwenye tanuu na kuyachoma hadi kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na kinachobaki ni oksidi ya kalisi, ambayo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe. Ikishapakwa ukutani, polepole huivuta tena ile gesi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Makaburi ya Tongoni, kwa maana hiyo, ni matumbawe yaliyoondoka baharini, yakapita motoni, yakarejea katika hali yao ya awali. Basi magnesi, ile ya maji machungu, hufanya karibu yaleyale: kabonati yake ikichomwa hutoa gesi ileile, na mara nyingi hukaa pamoja na kalisi katika jiwe moja.

Sasa tuzihesabu. Namba atomia ya sodiamu ni 11, ya potasiamu 19. Ya magnesi ni 12, ya kalisi 20. Katika jozi zote mbili tofauti ni 8. Msomaji wa ushairi wetu ataikumbuka namba hiyo mara moja, kwani katika tarbia ya kawaida, yenye mizani 16 kwa kila mshororo, kina cha kati huangukia mizani ya 8 na cha mwisho mizani ya 16. Ulinganisho wa namna hii si mgeni. Mwingereza John Newlands aliifananisha radidi ya elementi na noti za muziki, na alipoiwasilisha hoja hiyo London mwaka 1866 alidhihakiwa: aliulizwa kama amejaribu pia kuzipanga elementi kwa alfabeti.

Kilichomponza Newlands ni kudhani kwamba bahari ni moja kwa shairi zima. Mrusi Dmitri Mendeleev, mwaka 1869, aliziacha safu ziwe na urefu usiolingana, na pale ambapo elementi ya kutimiza kina haikuwapo aliacha nafasi wazi. Kwa majina ya elementi hizo zisizojulikana alikopa namba za Kisanskriti. Iliyotakiwa kukaa chini ya alumini akaiita eka-alumini, yaani ya kwanza baada ya alumini. Mwaka 1875 ilipatikana, nayo ndiyo gali. Wanaoona haya kukopa istilahi wangefaa kuutazama mfano huo.

Lakini kwa nini ziradidi? Jibu limo ndani ya atomu. Katikati kuna kiini, chenye protoni za chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji. Namba atomia ni idadi ya protoni hizo. Nje yake kuna elektroni za chaji hasi. Neno kiini lina kasoro moja: kwa msemaji wa kawaida huleta picha ya kiini cha yai, ambacho hujaza sehemu kubwa ya yai. Kiini cha atomu sivyo kilivyo. Tukichukua punje ya mtama yenye kipenyo cha milimita 3 iwe kiini cha atomu ya kalisi, tukaiweka katikati ya uwanja wa Mkwakwani, mpaka wa elektroni utaangukia nje ya magoli yote mawili. Karibu uzito wote umo katika punje ile.

Elektroni hukaa kwa matabaka. Sodiamu inazo 2, 8, kisha 1. Potasiamu 2, 8, 8, kisha 1. Hiyo moja ya nje ndiyo kina chenyewe. Klorini, yenye 2, 8, 7, imepungukiwa na moja. Huipokea ile ya sodiamu, na chumvi ikapatikana. Magnesi na kalisi zina elektroni 2 za nje, na oksijeni imepungukiwa na 2. Ndiyo maana katika chokaa iliyochomwa kila kalisi moja huenda na oksijeni moja. Baada ya kalisi mizani hubadilika. Tabaka la tatu, ambalo lilikuwa bado na nafasi, huendelea kujazwa, na metali 10 huingia katikati, miongoni mwao chuma, shaba na zinki. Kutoka potasiamu hadi rubidi, mwenzake anayefuata, hatua ni 18.

Limebaki suala la majina, na hapa wanaisimu wana kazi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilionyesha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Bado sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Maneno yetu ya zamani yana utata wake. Risasi ni metali na ni kitu cha kupigia bunduki; fedha hali kadhalika ina maana mbili; na bati la paa kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Utata huo ni mdogo, muktadha huutatua. Mgumu zaidi ni ule wa alama. Mwanafunzi huuliza kwa nini sodiamu ni Na na potasiamu ni K. Zatokana na natrium na kalium: la kwanza lina undugu na jina la Ziwa Natron, maarufu kwa magadi yake, la pili latokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea. Wapo wanaotumia natiri na kali. Natiri mimi naikubali, maana inaieleza alama na inaturudisha kwenye magadi tunayoyajua. Kali siipokei: mwalimu atakayesema kwamba kali ni kali kuliko natiri atakuwa amesema kweli ya kemia, na darasa zima litakuwa linacheka.