Ini la marehemu hupimwaje kabla ya kupandikizwa? Yafahamu haya kabla ya kuuza kiwanja ili kwenda India

KAMEMBE, Rusizi — Anayenunua sambaza alfajiri kando ya Ziwa Kivu hana maswali mengi. Anatazama kama bado zinang'aa, anazigusa, ananusa, kisha anapiga hesabu ya saa: zimetoka majini saa ngapi, na zitafika Bukavu saa ngapi? Daktari wa upasuaji anayepokea ini la mtu aliyefariki dunia hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Tofauti ni kwamba kiungo cha binadamu hakiuzwi, na daktari akikosea, mgonjwa anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache.

Habari hii inawahusu watu wa mpakani. Ini la ndugu likishaharibiwa na homa ya ini aina ya B au C, au na pombe ya miaka mingi, halichelewi kusikika neno kwamba India kuna maini ya waliofariki, kinachohitajika ni fedha tu. Familia inaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja, na mtaji wa duka unaingia kwenye tiketi za ndege.

Kwanza, si kila marehemu anaweza kutoa ini. Wengi wa watoaji ni watu waliopata ajali au kupasuka mshipa kichwani, ubongo ukafa kabisa huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine. Kifo hicho huthibitishwa na madaktari wasiohusika na upandikizaji: mboni haziitikii mwanga, na mgonjwa hapumui mashine inapoondolewa kwa muda. Kwingineko huchukuliwa pia ini la mtu ambaye moyo wake umesimama, lakini hapo muda ni mfupi mno. Ini likikaa na joto la mwili bila damu kwa zaidi ya nusu saa hivi, madaktari wengi huanza kulikataa.

Kisha huja vipimo vya damu: kundi la damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, na dalili za saratani. Umri peke yake haumwondoi mtu. Barani Ulaya yamepandikizwa maini ya watu waliopita miaka 70, na hata 80, yakafanya kazi vizuri.

Baada ya karatasi zote hizo, bado jicho na mkono vina kazi. Ini zuri lina rangi ya kahawia iliyoiva yenye wekundu, ni laini, na ukingo wake ni mkali. Ini lenye mafuta huelekea rangi ya njano, ukingo wake umeviringika, na hukaa zito mkononi. Likiwa na makovu huwa gumu na lina vinundu. Daktari akiwa na shaka hukata kipande kidogo kikapimwe kwa darubini. Mafuta yenye matone makubwa yakiwa chini ya asilimia 30, kwa kawaida ini hupokelewa. Yakizidi 60, mara nyingi hukataliwa. Kati ya hapo ndipo penye ubishi, na uamuzi hutegemea hali ya mgonjwa anayesubiri na saa zilizobaki.

Saa hizo ni chache. Ini lililooshwa kwa dawa maalumu na kuwekwa kwenye barafu linatakiwa kupandikizwa ndani ya saa 8 hadi 12. Basi la Kamembe kwenda Kigali kupitia msitu wa Nyungwe peke yake hula saa tano au sita. Siku hizi zipo mashine zinazolitunza ini likiwa na joto na kulipitishia damu, hivyo daktari huona kama linafanya kazi kabla ya kulipandikiza. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2018, maini yaliyotupwa yalipungua kwa nusu.

Afrika Mashariki imeanza na figo, tena za watoaji walio hai: Muhimbili mwaka 2017, King Faisal ya Kigali mwaka 2023, na Mulago mwishoni mwa mwaka huohuo. Maini ya marehemu bado ni habari ya mbali.

Na India je? Sheria yao ya mwaka 1994 na kanuni za 2014 zinawaweka raia wao mbele kwa viungo vya marehemu. Mgeni yuko mwisho wa foleni. Raia wa India aliye hai naye haruhusiwi kumpa mgeni kiungo kama si ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo mgonjwa wa Rusizi aendako hukatiwa kipande cha ini la kaka, dada, mzazi au mtoto wake.

Ndugu huyo naye atapimwa kwa mizani ileile. Wapo wanaosafiri hadi huko, wakaambiwa ini lina mafuta mengi au kundi la damu halioani, na nauli imekwenda. Kundi la damu, homa ya ini B na C, sukari, na picha ya ultrasound vinaweza kuangaliwa hapahapa nyumbani kabla ya kununua tiketi. Mwenye mafuta kidogo huweza kuambiwa apunguze uzito na kurudi baada ya miezi michache. Kuhusu homa ya ini C, Rwanda ilianza mpango wa kuitokomeza Desemba 2018, na wengi hupona kwa vidonge vya wiki 12, ini likiwa bado halijafikia hatua ya kubadilishwa.

Yapo pia makaratasi, na hapa familia za mpakani zina mzigo wao. Undugu wa mtoaji na mgonjwa unatakiwa kuthibitishwa na ubalozi. Kaka akiwa na kitambulisho cha Rwanda, na mdogo wake aliyezaliwa Bukavu akiwa na cha Kongo, majina ya wazazi yakiandikwa tofauti kila upande, ni vyema vyeti vya kuzaliwa vianze kutafutwa siku ileile wanapokwenda kupima damu.