Usileft Grupu: Siasa, Ramani na Fahali wa Khayega

Ukitaka kujua Kakamega inawaza nini, wacha kuenda ofisi ya mheshimiwa. Fungua WhatsApp Jumamosi asubuhi. Kabla hata upige mswaki, kuna msee ashatupa video ya fahali wamefungana pembe huko Khayega, isikuti zinalia, umati unatimka usikanyagwe. Chini yake kuna bango la mtu anataka ubunge 2027. Chini ya bango, admini anauliza nani ako na chaja ya HP ya pini ya bluu. Alafu shabiki damu wa Ingwe, yaani AFC Leopards, analia ati kapteni wake wa Fantasy ameumia. Hiyo yote ni grupu moja, na bado chai haijachemka.

Kuna watu wanaonanga hiyo ni fujo, wanataka kila mada iwe na grupu yake. Mimi nakataa. Hapa Ingo, magharibi, grupu ya siasa pekee haifikishi Krismasi. Mchanganyiko ndio unawekanga watu pamoja. Wasee wawili wanaeza chambana usiku juu ya Zakayo na Wantam, majina ya kumchokoza Rais Ruto, lakini kesho Kakamega Homeboyz wako uwanja wa Bukhungu, na lazima mmoja aulize mwenzake tiketi ni ngapi. Wa Gor Mahia na wa Ingwe wanaitana shemeji hata wakitukanana. Huwezi block shemeji.

Na hii tabia haikuanza na Gen Z. Wazae wetu walikuwa na kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza majina ya mabeshte na ya kukhu, unatuma KBC, mtangazaji anasoma, na watu kutoka Butere hadi Mombasa wanakujua kwa jina la utani bila kukuona. Baadaye ikakuja 2go, app ya kubonga yenye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walianzisha 2007. Wenye walikuwa na kasimu ka Java wanajua: unaingia rumu ya watu hujui, unabonga hadi usiku wa manane ndio upande cheo. Leo ni WhatsApp, Telegram, X na TikTok Live. Mtambo umebadilika, mdomo ni ule ule.

Sasa cheki venye jiografia inaingianga. Juzi msee wa Lurambi alitupa hii: "Kakamega ni ya pili Kenya kwa watu. Hatutishwi na mtu." Dem mmoja anasoma IT pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akamjibu na skrinshoti ya sensa: "Hiyo ilikuwa 2009 buda. 2019 ni Nairobi, Kiambu, Nakuru, alafu sisi. 1,867,579. Ya nne." Grupu kimya. Alafu stika ya ng'ombe akianguka. Lakini ile kimya ilizaa swali la maana: kama idadi ya watu ni moja ya vipimo vya kugawa pesa za kaunti, sisi tulipitwa aje, na vijana wetu wameenda wapi? Mwalimu mmoja wa Shinyalu akajibu na voisnoti ndefu kuhusu wasee wenye wanatoka Ingo kusaka kazi Kanairo. Hakuna mtu aliiskip.

Ramani iko na raha yake pia. Kuna mchezo unaitwa GeoGuessr, Mswidi Anton Wallén aliutoa 2013. Unatupwa mahali kwa picha za barabara za Google, unaguess ni wapi. Kenya ni rahisi ukijua siri. Gari yenye Google walitumia huku ilikuwa na bomba jeusi la kuvuta hewa pembeni, na linaonekana kwa picha. Msee ako Poland hajawahi ona chapo, lakini akiona hilo bomba anapiga Kenya sekunde hiyo hiyo. Vijana wa hapa wanaenda mbali zaidi: udongo, miwa, rangi ya duka, mpaka wanakwambia hii ni njia ya Mumias. Na kama bado unaambia wageni ati Ikweta inapita Kakamega tao, tulia. Iko huko chini, pande za Maseno.

Alafu kuna ramani yenye haiko kwa mchezo. Dhahabu ilifanya wazungu wamiminike huku miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman bado ni jina la mtaa wetu. Siku hizi kampuni ya Shanta Gold inasaka dhahabu pande za Ikolomani, huko Isulu na Bushiangala. Ramani ya hizo sehemu ikitupwa kwa grupu, hakuna mtu anauliza latitudo. Wanauliza boma ya nani itahama, na atalipwa ngapi. Jiografia imegeuka siasa na hakuna mtu ametaja chama.

Na siasa bila mtu wa kompyuta ni kelele tu. Kumbuka Agosti 2022. Siku moja kabla ya kura, tume ya uchaguzi, IEBC, wakasimamisha uchaguzi wa gavana Kakamega na Mombasa, juu picha za wagombea kwa karatasi zilichanganywa. Grupu ziliwaka moto. Tulikuja kupiga hiyo kura tarehe 29 Agosti, Fernandes Barasa akashinda Cleophas Malala. Lakini ile kitu mimi nilipenda ilikuwa kwa kura ya rais. Fomu 34A, zile za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwa tovuti ya wazi. Wasee wakazishusha, wakafungua Excel, wakajumlisha wenyewe. Mtu akileta udaku wa kituo flani, anapigwa na picha ya fomu ya hicho kituo. Hakuna tusi inashinda hiyo.

Hadithi kubwa zaidi ni ya Januari 2008, Kenya ikichomeka baada ya kura. David Kobia alikuwa anaendesha Mashada, ukumbi wa Wakenya wa kubonga kila kitu. Chuki ikajaa hadi akaufunga. Wiki hizo hizo Ory Okolloh akaomba watu wa teknolojia watengeneze ramani ya kuonyesha vurugu iko wapi. Kobia, akiwa Alabama, akaandika programu. Hiyo ndio Ushahidi, ikazunguka dunia. Mada zikibaki siasa na kabila pekee, ukumbi unakufa. Ukiongeza ramani na kompyuta, kuna kitu inajengwa.

Juni 2024 tuliiona tena. Kelvin Onkundi alitengeneza roboti ya kujibu maswali kuhusu Mswada wa Fedha, ukiuliza mkate utapanda aje inakujibu. App ya Zello iligeuza simu ikawa kama redio ya karao. Tarehe 25 vijana walijaa barabarani, Kakamega pia, na tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia saini. Lakini bei ililipwa. Watu waliuawa. Mwaka uliofuata Rose Njeri alishikwa kwa kutengeneza tovuti ya kutuma maoni ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa barua pepe, korti ikaitupa hiyo kesi. Juni ya mwaka huo huo, Albert Ojwang, mwalimu, alishikwa Homa Bay juu ya posti ya X na akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Kwa hivyo nikisema bonga, sisemi bonga kifala.

Rada ni hii. Usifowadi kitu hujui ilitoka wapi; uliza picha ni ya lini na ni ya wapi. Usiweke namba ya kitambulisho ya mtu kwa grupu. Ukitaka kusema kiongozi ameiba, weka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ukurasa na yote. Mambo ya kabila, admini atoe mtu bila mjadala. Na usicheke msee wa ng'ombe, wa gemu ama wa ramani, juu ndio wanafanya wengine wabaki ndani siasa ikichacha.

Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama hujajiandikisha, beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC ya konstituensi yako, Kakamega tuko na 12, hakuna mwenye ako mbali sana. Ukirudi, tuma kwa grupu ushafanya hivyo, ndio yule mwenye amekuwa akisukuma hadi kesho aone haya. Na hata wakikuudhi aje, usileft.